Mwanamke wa Nywele za Mabawa: Uchambuzi wa Umbo Moja katika Uchoraji wa Mongolia

Ukianza kutafuta picha za uchoraji wa Mongolia mtandaoni, hutakawia kukutana naye. Nywele zake zimetandazwa pande zote mbili za uso kama mabawa mapana. Kichwani ana kofia ya fedha iliyopambwa kwa marijani na feruzi, na mabega ya joho lake yamenyanyuka karibu na masikio. Ameinamisha uso kidogo, macho ameyashusha. Mara nyingi ameshika kwa mikono miwili bakuli la fedha lenye maziwa, lililowekwa juu ya khadag, kitambaa cha hariri ya buluu kinachotolewa kwa mgeni wa heshima. Nyuma yake kuna farasi, au kilima, au rangi tupu ya dhahabu.

Kisa ninachokichambua hapa ni chake yeye. Mtindo ule wa nywele uliondoka vichwani mwa wanawake wa Mongolia miaka karibu mia moja iliyopita. Mwanamke wa Ulaanbaatar wa leo ni mhasibu, ni daktari, ni mama anayepanga foleni ya maji kwenye kioski cha mtaa wa mahema, ni mwanafunzi wa chuo kikuu. Hata hivyo, kwenye turubai, huyu wa kale ndiye anayerudi kila mwaka akiwa na fedha zake zote. Nataka kueleza alivyofika hapo, na zaidi ya hayo, kile ambacho wachoraji wanawake waliosomea uchoraji wa kitaifa wamefanya na urithi huo huo bila kumrudia yeye.

Msimamo wangu nauweka wazi mapema. Urithi wa uchoraji wa Mongolia umo katika namna ya kuipanga picha na katika mambo ambayo watu waliochorwa wanayafanya. Vazi ni sehemu ndogo sana. Mchoraji akimvisha mwanamke kila kipande cha urithi kisha akamnyima shughuli, amechukua sehemu iliyo rahisi kuchukuliwa.

Nywele zenyewe

Mtindo ulikuwa wa Wakhalkha, kabila lenye watu wengi kuliko yote nchini, na ulikuwa alama ya ndoa. Msichana hakuwa nao. Siku ya harusi nywele ziligawanywa katikati, na tangu hapo zilipakwa mafuta ya kondoo zikakakamaa, zikabanwa kwa vibanio ili zibaki bapa na zipinde kwa nje, na ncha zake zikaingizwa kwenye mirija iliyoshuka hadi kifuani. Wapo wanaosema mabawa yale yanaiga pembe za mnyama. Wengine husema ni mabawa ya Garuda, ndege mkubwa wa masimulizi ya Kibudha. Uzito wa fedha ulitegemea mali ya nyumba aliyoolewa.

Mwaka 1913 mpiga picha Mfaransa Stéphane Passet, aliyetumwa na tajiri Albert Kahn, alifika Urga, jina ambalo wageni waliuita mji ambao leo ni Ulaanbaatar. Alipiga picha za rangi halisi kwenye vioo, teknolojia iliyokuwa mpya wakati huo. Ndiyo maana leo tunajua wekundu wa marijani yale na buluu ya majoho yale ulivyokuwa, hatukisii. Jambo ninalolikumbuka kila ninapoziona picha za miaka ile ni kwamba wanawake wa mabawa hawakuishi wakiwa wamekaa. Mke wa mfugaji alikamua, alishindilia sufu ya kuezekea ger, yaani hema la duara la wafugaji, alichemsha chai, alifunga na kufungua nyumba nzima kila familia ilipohama. Mapambo yalikuwa mazito, na kazi ilikuwepo pale pale.

Mikono ya Tara, mikono ya malkia

Ili kuelewa umbo hili lilivyoingia kwenye uchoraji ni lazima kurudi nyuma hadi kwa mtu aliyezifundisha Mongolia na ulimwengu sura ya mwanamke mtakatifu. Zanabazar, aliyeishi kati ya 1635 na 1723, alikuwa kiongozi mkuu wa kwanza wa Ubudha wa Mongolia na pia mchongaji wa ajabu. Sanamu zake za shaba zilizopakwa dhahabu zinamwonyesha Tara, mtakatifu wa kike wa rehema, katika maumbo yake 21, pamoja na Tara Mweupe na Tara wa Kijani. Jumba la makumbusho ya sanaa mjini Ulaanbaatar, lililoanzishwa 1966, lina jina lake.

Tazama Tara hawa wanavyofanyika. Tara Mweupe ana macho saba: mawili ya kawaida, moja kwenye paji la uso, mawili kwenye viganja na mawili kwenye nyayo. Anaona kwa mikono yake. Tara wa Kijani amekaa, lakini mguu wake wa kulia umeshuka kutoka kwenye kiti cha yungiyungi, tayari kunyanyuka kwenda kumsaidia anayemwita, na mkono wa kulia umefunguka kwa kutoa. Huyu ni mwanamke wa zamani katika sanaa kubwa ya Mongolia, naye hajakaa tu kutazamwa. Wanaosema kwamba mwanamke mtulivu mwenye macho ya kushuka ndiyo mila yenyewe wangekaa kidogo mbele ya sanamu hizo.

Wachoraji wa monasteri walilelewa ndani ya utaratibu huo. Kitambaa cha pamba kilivutwa kwenye fremu, kikapakwa gundi ya wanyama iliyochanganywa na chokaa, kikasuguliwa kwa jiwe hadi kikawa laini. Vipimo vya mwili wa mtakatifu vilichorwa kwa mistari ya miraba, kwa sababu uwiano wake haukuachiwa mtu abuni. Kisha zikaja rangi bapa zisizo na kivuli, na mwishoni mstari mwembamba wa kuzunguka kila kitu. Hakuna kanuni ya vitu kupungua ukubwa kadiri vinavyokuwa mbali. Kwenye picha hizi ukubwa wa mtu unategemea umuhimu wake. Naomba msomaji aishike hoja hii, kwa sababu kisa kizima kinageukia hapo.

Marzan Sharav (1869–1939) alitoka katika malezi hayo akayapeleka nje ya ukuta wa monasteri. Mongolia ilijitangazia uhuru kutoka kwa utawala wa Qing, nasaba iliyotawala China, mwaka 1911 chini ya Bogd Khan, kiongozi mkuu wa Ubudha aliyefanywa mfalme, na katika miaka iliyofuata Sharav alichora picha ambayo Wamongolia wengi wanaijua tangu shule: Siku Moja ya Mongolia. Ni turubai iliyojaa mamia ya watu wadogo waliotawanyika juu ya vilima, wanaoonekana kama vile unawatazama kutoka juu. Hapa watu wanashindilia sufu, pale wanakamua, kule familia inahama, upande mwingine kuna harusi, na mbele kidogo kuna mazishi. Hakuna tukio lililopewa kiti cha mbele. Jicho linatangatanga, na kila linapotua linakuta mtu ana shughuli. Wanawake wa Sharav wamo humo humo, wamevaa walivyovaa siku zile, na wana kazi.

Lakini Sharav huyo huyo alichora pia picha rasmi za watu wa ikulu, miongoni mwao Dondogdulam, mke wa Bogd Khan, aliyeitwa Ekh Dagina na kuaminiwa kuwa Tara Mweupe katika umbo la mwanadamu. Kwenye picha za namna hii Sharav aliutengeneza uso kwa uangalifu wa picha ya kamera, ambayo ilikuwa imeshafika ikulu, huku mavazi yakibaki bapa na ya nakshi. Aliyechorwa amekaa, ametulia, anakutazama ukiwa chini yake. Ni picha ya cheo, na kazi yake ilikuwa kuonyesha cheo.

Kwa hiyo mchoraji mmoja aliwaachia wenzake wanawake wa aina mbili: malkia aliyekaa, na wanawake wa vilimani walio na mikono iliyojaa. Mgawanyiko wa leo ulianzia katika meza yake ya kazi.

Vazi linabaki, mwenye vazi anauawa

Mapinduzi ya kikomunisti yalikuja 1921. Dondogdulam alifariki 1923. Akatafutwa mke mwingine wa Bogd Khan, naye akawa Genepil, msichana aliyezaliwa 1905. Bogd Khan alifariki 1924, jamhuri ikatangazwa, na Genepil akarudi kwao. Mwaka 1938 aliuawa katika wimbi la mauaji lililoanza 1937 na kuendelea hadi 1939. Kwa makadirio ya wanahistoria waliouawa walikuwa kati ya 20,000 na 35,000, katika nchi ya watu wapatao laki saba, na wengi wao walikuwa watawa. Monasteri mamia zilibomolewa. Pamoja na watawa waliondoka wachoraji, waliojua vipimo vya Tara kwa moyo.

Nywele za mabawa ziliondoka katika miaka hiyo hiyo. Zilihesabiwa kuwa alama ya ukabaila, na kwa kweli hazikuwa rahisi kuzitunza wala kuziosha. Nadhani wanawake wengi walizikata bila majonzi. Sharav alichora Lenin na mabango ya mapinduzi, akafariki 1939. Uchoraji wa rangi za mafuta kwa mfano wa Kisovieti ukawa ndio sanaa rasmi, na Umoja wa Wasanii wa Mongolia ukaundwa 1942.

Kuanzia miaka ya 1950 mambo yalilegea kiasi, na ule mtindo wa zamani ukarudi kwa jina la mongol zurag, yaani uchoraji wa Kimongolia: rangi bapa, mstari wa kuzunguka, mandhari ya kutazamwa kutoka juu, lakini bila watakatifu. Ürjingiin Yadamsüren, aliyesoma Moscow, alichora 1958 mzee anayepiga fidla ya kichwa cha farasi, picha iliyokuwa kama kibali kwa wengine. Mchoraji na mwanahistoria Nyam-Osoryn Tsultem, aliyeuongoza Umoja wa Wasanii kwa miongo kadhaa, alichapisha kitabu cha picha cha mongol zurag 1986. Bintiye, Uranchimeg Tsultem, ndiye leo mmoja wa wanahistoria wanaoandika zaidi kuhusu mtindo huu. Kwa hiyo anayedhani mongol zurag ni kitu cha kale kilichofika hadi leo bila kuguswa anakosea. Ni mtindo uliovunjika ukaunganishwa tena na watu waliosomea kwingine, kwa ruhusa ya serikali.

Yadamsüren huyo huyo alifanya kazi nyingine kubwa. Mwaka 1967 ulitoka mkusanyiko wake wa mavazi ya watu wa Mongolia, kabila kwa kabila, kofia, joho, mkanda, viatu, na nywele za wake wa Kikhalkha zikiwemo. Ninaiheshimu kazi hiyo. Bila yeye tungepoteza mengi, maana wanawake waliokumbuka namna ya kuvaa walikuwa wanaisha. Hata hivyo tazama hesabu ya miaka: dola iliyomuua Genepil 1938 ndiyo iliyolichapisha vazi la wanawake wa tabaka lake 1967. Kati ya miaka hiyo miwili vazi lilitenganishwa na mvaaji. Kwenye kurasa za mkusanyiko mwanamke anasimama ili vazi lionekane, hana jina wala neno la kusema. Mchoraji wa baadaye aliyehitaji mwanamke wa mila alimkuta tayari hapo, amesimama, mikono mitupu.

Kwenye rangi za mafuta, wakati huo, mwanamke alikuwa mkamuaji wa shamba la ushirika, mfanyakazi wa kiwanda, na zaidi ya yote mama. Mwaka 1957 serikali ilianzisha nishani ya Mama Mtukufu kwa wanawake wenye watoto wengi, na nishani hiyo imeuzidi umri mfumo ulioianzisha: bado inatolewa, daraja la pili kwa mama wa watoto wanne na la kwanza kwa mama wa sita. Nchi yenye ardhi kubwa na watu wachache ilikuwa na sababu zake. Lakini ilimaanisha kwamba mwanamke wa kuheshimiwa kwenye picha alikuwa na njia mbili za kuingia, vazi au watoto.

Soko la baada ya 1990

Mapinduzi ya amani ya 1990 yalifungua milango yote pamoja. Chinggis (Genghis Khan), mwanzilishi wa himaya ya Mongolia, ambaye jina lake lilikuwa likitajwa kwa tahadhari, alirudi kwenye noti, pombe na uwanja wa ndege. Monasteri zikafunguliwa. Mishahara ya wasanii kutoka serikalini ikakatika. Wachoraji wakaanza kuuza picha kwa wageni, wengine wakizunguka katikati ya jiji na mafurushi ya picha ndogo za rangi za maji: ngamia, ger, farasi, na yule mwanamke.

Yeye huuzika kwa sababu anaeleweka bila maelezo. Mgeni hahitaji kujua Bogd Khan alikuwa nani. Mwaka 1999 filamu moja kubwa ya Marekani ilimvika malkia wake wa kubuni nywele na joho vinavyofanana na vya wake wa Kikhalkha, na tangu hapo hata asiyejua Mongolia iko wapi kwenye ramani amewahi kuliona umbo hilo. Ndani ya nchi pia anapendwa kwa dhati. Kila kiangazi katika tamasha la mavazi Ulaanbaatar wanawake huvaa mabawa ya nywele za bandia na kupiga picha na watoto wao. Siwezi kulidharau hilo. Watu walionyang'anywa kitu kwa bunduki wana haki ya kukivaa tena na kufurahi.

Swali langu linamhusu mchoraji. Wapo wenye ufundi wa hali ya juu kabisa katika njia hii. Zayasaikhan Sambuu, aliyezaliwa 1975 na kuishi Japani kwa muda, huchora wanawake wa enzi ya himaya na wa enzi za baadaye wakiwa na vilemba virefu na mapambo ambayo kila ushanga wake umewekwa kwa mkono usiotetereka, na ndani yake unaona jinsi alivyojifunza kwa michoro ya Kijapani. Ukiangalia mstari peke yake utasema huyu ni mrithi wa kweli wa watawa. Na mstari huo ni urithi, sitaki kumpunja mtu. Ninachokikosa katika njia hii, hasa kwa waigaji wake wengi wasio na kipaji cha namna hiyo, ni dunia inayomzunguka mwanamke. Hana jirani, hana mtoto anayemvuta joho, hana deni wala safari. Amechorwa kwa namna ya Dondogdulam aliyekaa, lakini bila cheo cha Dondogdulam, kwa hiyo utulivu wake hauna sababu. Malkia alikaa kwa sababu alikuwa anatawala. Huyu amekaa kwa sababu ananunuliwa.

Waliochukua vilima badala ya kiti

Baada ya 1990 kulitokea jambo ambalo halikupangwa na mtu. Mifugo ilirudishwa kwa watu binafsi, na familia nyingi zikawabakiza wavulana malishoni huku zikiwapeleka mabinti shule. Wanawake wakawa wengi kuliko wanaume vyuoni. Ufundi wa brashi, ambao katika monasteri ulikuwa wa wanaume, ukawafikia mabinti kupitia darasa la mongol zurag la chuo cha sanaa mjini Ulaanbaatar. Wanawake wengi nao wakajifunza vipimo vile.

Wawili kati yao ndio kiini cha uchambuzi huu: Uuriintuya Dagvasambuu, aliyezaliwa 1979, na Nomin Bold, aliyezaliwa 1982. Wote wawili, pamoja na Baatarzorig Batjargal na Gerelkhuu Ganbold, walionyeshwa katika awamu ya nane ya Trienale ya Asia na Pasifiki ya Sanaa ya Kisasa, mjini Brisbane, Australia, iliyofunguliwa Novemba 2015 na kufungwa Aprili 2016. Miaka miwili baada ya ufunguzi huo Nomin alikuwa katika documenta 14, maonyesho makubwa ya sanaa ya kisasa, yaliyofanyika Athens na Kassel mwaka 2017. Kwa mtindo ambao kwa nusu karne ulikuwa ukihesabiwa jambo la ndani ya Mongolia, hiyo ilikuwa hatua kubwa.

Uuriintuya anachora maisha kwa jicho la mwanamke wa mjini. Vitu vya nyumbani vya kila siku vinakaa pamoja na mawingu, mawimbi na wanyama waliotoka moja kwa moja kwenye picha za Kibudha. Nomin anazichukua sura na mpangilio wa picha za watakatifu na kuzijaza jiji, pamoja na karatasi ya dhahabu ambayo mtawa wa karne ya 19 angeitambua mara moja. Katika kazi zao urithi hauhitaji nywele za mabawa ili ujulikane, kwa sababu umeshika mfupa wa picha.

Hapa ndipo ile hoja ya ukubwa inapofanya kazi. Kwenye picha ya rangi za mafuta ya Kizungu, iliyojengwa kwa kanuni ya umbali, kila kitu kinapangwa kutoka kwenye jicho la mtu mmoja aliyesimama mahali pamoja. Aliye karibu naye ni mkubwa, aliye mbali ni mdogo. Ukitaka kumchora mwanamke mwenye watoto wawili, kazi ya ofisi, mama mgonjwa kijijini na hofu ya moshi wa baridi, utalazimika kuchagua kimoja kikae mbele, vingine viwe mandhari. Kwenye uwanja bapa wa mongol zurag hakuna mbele wala nyuma. Mtakatifu, mashine ya kufulia, farasi na mtoto anayelia vinaweza kukaa kwenye ardhi moja, na mchoraji ndiye anayeamua nani awe mkubwa. Uwezo huo wa kuamua ukubwa ulikuwa wa kanuni za monasteri. Sasa uko mkononi mwa mwanamke, na anamtolea hukumu yake jirani yake, si mtakatifu peke yake.

Ndiyo sababu ninasema wao ni warithi wa Siku Moja ya Mongolia. Sharav aliujaza uwanja kwa kazi za watu wa zama zake bila kuona aibu, pamoja na mambo ambayo picha ya heshima isingeyaonyesha. Angemtaka mrithi wake achore zama zake mwenyewe. Ulaanbaatar imebeba karibu nusu ya watu wa nchi, wengi wao kwenye mitaa ya mahema isiyo na mabomba, ambako makaa yalichomwa kila majira ya baridi hadi jiji likafunikwa. Makaa ghafi yalipigwa marufuku Mei 2019. Wanaowasha jiko alfajiri kwenye mitaa hiyo kwa sehemu kubwa ni wanawake, na maisha hayo yana nafasi kwenye uwanja wa Sharav. Kwenye mandhari ya dhahabu tupu hayana.

Kuna pingamizi ambalo ni lazima nilijibu. Mtu anaweza kusema kwamba Brisbane na Kassel nazo ni soko, na kwamba wasimamizi wa maonyesho wa nje wanautaka urithi kama watalii wanavyoutaka, ila kwa maneno marefu zaidi. Kuna ukweli ndani yake. Mchoraji wa Mongolia asiyegusa Ubudha, farasi wala nakshi hupata shida kumwelezea mgeni kwa nini aitwe wa Mongolia. Lakini tofauti inaonekana kwenye kazi. Picha ya mwanamke wa mabawa inamwachia mtazamaji aende na alichokuja nacho. Picha zilizojaa za Nomin na Uuriintuya zinamlazimisha asimame, asome kona kwa kona, na asiyeijua Mongolia atajikuta anauliza maswali kuhusu Mongolia ya leo.

Kuna njia ya tatu, na nisingependa kuipita. Munkhtsetseg Jalkhaajav, aliyezaliwa 1967, alikuwa mwanamke wa kwanza kuiwakilisha Mongolia peke yake katika banda lake la Bienale ya Venice, maonyesho ya kimataifa ya sanaa nchini Italia, mwaka 2022. Nchi hiyo ilikuwa imeanza kuwa na banda huko 2015 tu. Yeye huchora, hukata na kubandika, na hushona. Miili yake ya kike ni ya vitambaa na nyuzi, imefunguka, imeunganishwa na wanyama, na habari zake ni mimba, kuharibika kwa mimba, kifo na kupona. Hakuna deel, yaani joho la Kimongolia, wala bakuli la maziwa. Hata hivyo naona urithi mzito ndani yake. Mongolia ina mila kubwa ya picha takatifu za kushonwa, vipande vya hariri vilivyobandikwa na kutariziwa, ambazo wachoraji wa monasteri walizichora na washonaji, wanawake wakiwemo, wakazitia sindano. Brashi ilikuwa ya mtawa. Sindano ilikuwa ya mwanamke tangu mwanzo, na Munkhtsetseg ameichukua ile iliyokuwa yake na kuigeuzia kwenye mwili wa kike wenyewe, kwenye sehemu ambayo nishani ya Mama Mtukufu haikuwa na jina lake: mama aliyempoteza mtoto kabla hajazaliwa.

Hukumu ya kisa

Je, mwanamke wa nywele za mabawa aachwe? Hapana. Aliondolewa kwa nguvu mara moja, na haitoshi sababu ya soko kumwondoa mara ya pili. Nasema arudishiwe kazi yake. Mchoraji anayempenda na aanze na maswali ambayo mkusanyiko wa 1967 haukuweza kuyajibu: aliolewa na nani, alikata nywele mwaka gani, nani alizikata, fedha ile ilikwenda wapi. Hizo ni habari za bibi na mama wa bibi za watu walio hai. Wanawake wengi wa Kikhalkha waliozaliwa mwanzoni mwa karne ya 20 walianza ndoa wakiwa na mabawa na kuzeeka wakiwa na nywele fupi chini ya kitambaa. Mabadiliko hayo, ya mtu mmoja, ndani ya uwanja mmoja, ni jambo ambalo mongol zurag inaweza kulibeba kuliko mtindo mwingine wowote ninaoufahamu, kwa kuwa inaruhusu mtu huyo huyo aonekane mara tano kwenye turubai moja, kila mara kwa umri mwingine.

Na wanunuzi, hasa wale wa nyumbani Mongolia walio na uwezo wa kuning'iniza picha ofisini, wana sehemu yao. Kwa sasa baadhi ya kazi nzuri za kizazi cha Uuriintuya na Nomin huonekana kwa urahisi zaidi na mtu wa Brisbane kuliko mtoto wa shule wa mtaa wa mahema. Siku Moja ya Mongolia imebaki Ulaanbaatar, na ndiyo maana kila kizazi kimeweza kwenda kuitazama, kubishana nayo na kujifunza kwayo. Picha za mwanamke wa leo zilizochorwa kwa mkono uliofunzwa na urithi ule zinapaswa kuning'inia katika jumba lile lile, umbali wa hatua chache tu kutoka kwa Tara wa Zanabazar.